Aliyeahidi Kusimama Langoni

Asubuhi ya sikukuu ya Oktoba, mwaka wa tisini na moja, Baba aliomba maji ya moto ya kunyolea ndevu, akavaa shati jeupe, akalalamika kwamba kola haikai sawa, akalivua, akalivaa tena. Mama alimwambia, "Barnaba, hakuna mtu anakuoa leo." Baba hakucheka. Siku hiyo moja ya mwaka hakuwa na mzaha na mtu yeyote.

Enzi hizo sikukuu hiyo ilibeba jina la mtu mmoja tu, ingawa tuliambiwa ni ya kuwakumbuka wote waliofungwa ili nchi ipate uhuru. Sasa inaitwa Sikukuu ya Mashujaa. Kwetu Kiptere ilifanyika katika uwanja wa shule ya msingi. Chifu alisoma hotuba iliyotumwa kutoka juu, ndefu na kavu, watoto waliimba, na chini ya turubai palipangwa viti vya wakubwa. Viti viwili vya mbele vilikuwa vya Baba na rafiki yake Arap Mosonik. Baba alipenda kufika mapema akikalie chake, asije diwani fulani akajisahau.

Kwa nini wao? Baba alitoka Nyakach, kule chini upande wa ziwa, akiwa kijana, akapanda huku milimani kuchuma chai katika shamba la Wazungu. Arap Mosonik alikuwa Mkipsigis wa papa hapa, naye mchumaji. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nyapara alimpiga mchumaji mmoja hadi akazirai kati ya mistari ya chai. Asubuhi yake kambi nzima iliweka vikapu chini ikakataa kuingia shambani. Waliosimama mbele kuongea walikuwa hao wawili, Mjaluo na Mkipsigis. Mkoloni aliwafunga miaka miwili. Walivunja mawe pamoja na kulala chini ya blanketi moja, lenye chawa, kama Baba alivyopenda kuongeza.

Uhuru ulipokuja na Baba akataka shamba la kununua, Arap Mosonik alimwonyesha moja lililopakana na lake, kijito tu katikati. Akasimama mbele ya wazee akasema, huyu ni ndugu yangu. Nilizaliwa kwenye shamba hilo. Wazazi wangu waliniita Awino, lakini Kikipsigis nilikijua kabla ya Kiswahili, na akina mama wa nyumba za jirani walinipa mursik, maziwa yao ya kibuyu, hadi nikanenepa. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa nasari katika shule hiyo hiyo.

Siku hiyo ya Oktoba, baada ya hotuba, bibi mmoja mzee alikuja na sinendet. Huo ni mmea wa porini unaotambaa, wenye majani mabichi mazito, na Wakipsigis humvisha mtu wanayemheshimu: mkimbiaji aliyeshinda, vijana wanaotoka jandoni, mgeni mkubwa. Bibi alimvisha Arap Mosonik shingoni, kisha akamvisha Baba, akawatemea mate kidogo ya baraka. Arap Mosonik akachukua kipaza sauti.

"Mnaona huyu mzee? Kuna watu wanasema ati huyu ni Mjaluo. Mimi nasema, tulikula ugali ya jela kwa sahani moja. Huyu ni wa hapa. Mwenye kutaka kumtoa, anitoe mimi kwanza."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Baba alifuta macho kwa mkono wa shati lile jeupe. Mimi nilisimama na watoto wangu wa nasari, nikapiga makofi hadi viganja vikawasha. Niliyaamini makofi hayo. Ndilo jambo linalonikera zaidi nikikumbuka siku hiyo, kwamba mwanamke mzima mwenye akili zake aliyaamini makofi.

Hazikupita wiki nyingi tukaanza kusikia kuhusu nyumba zilizochomwa upande wa Nandi. Ilikuwa miaka ya kelele za vyama vingi. Wanasiasa walisimama kwenye mikutano wakasema Bonde la Ufa lina wenyewe, na kwamba watu kutoka ziwani, na wengine kutoka kwingine, ni madoadoa ya kuondolewa. Madoadoa. Mtu amelima mahali miaka thelathini, watoto wake wamezaliwa hapo, halafu anaambiwa yeye ni doa. Redio haikutaja lolote kuhusu hayo, ilicheza kwaya.

Nasi hatukufanya lolote. Tuliendelea kuchuma chai. Katika kituo cha majani, tulipopanga foleni na vikapu tukisubiri lori la kiwanda, mazungumzo yalianza kukatika nilipofika. Nilijifanya sioni. Siku moja darasani mtoto wa kike, hata miaka mitano hajatimiza, aliniuliza kwa sauti tamu kabisa, "Mwalimu, utarudi kwenu lini?" Hakuwa na ubaya. Aliuliza tu alichosikia nyumbani wakati wa chakula. Nilimwambia kwangu ni pale ng'ambo ya kijito, akaniangalia kama mtu anayedanganywa.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, chai ilichipuka kwa fujo. Huo ndio wakati wa kazi nyingi, lakini mashambani hapakuwa na mikono. Wachumaji wengi wa huku walikuwa watu wa kwetu wa ziwani, na walikuwa wameanza kuondoka, familia moja baada ya nyingine. Majani yalikomaa kwenye miti bila mchumaji. Kisha tukaona moshi upande wa Sigowet, siku ya kwanza mahali pamoja, siku ya pili mahali patatu. Watu walipita barabarani wakiteremka kuelekea Sondu, na magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, wazee wamepakiwa kwenye mikokoteni.

Mama alianza kufunga vitu. Baba alikuwa akivifungua.

"Unafunga kwenda wapi?" alimuuliza.

"Kwenu Nyakach."

"Nyakach nina nini? Nina nyumba huko? Mimi nilifungwa kwa ajili ya hii udongo."

Arap Mosonik alikuja jioni ya siku hiyo, akivuka kijito kama alivyofanya miaka yote, kwa jiwe la kwanza, la pili, kisha kuruka. Mama alimpa chai. Hakukaa kitako. Aliinywa akiwa amesimama.

"Barnaba, wewe usiende mahali," alisema. "Wale watu si wa hapa. Wameletwa na lori kutoka mbali, hawajui mtu. Lakini kijana wetu mmoja atawapitisha, awaonyeshe njia, na mimi nitapata habari mapema. Wakianza kuja upande hii, nitakuja kusimama hapa kwa geti yako. Mimi ni mzee wao. Watanipiga mshale mimi kwanza?"

"Utakuja, omera?" Baba aliuliza. Omera ni ndugu kwa lugha yetu. Hakuwahi kumwita hivyo Mkipsigis mwingine.

"Nitakuja."

Basi. Hapo ndipo maisha ya Baba yalipoamuliwa, pale jikoni kwetu, kwa neno moja. Mama alifungua mizigo yake mwenyewe, akarudisha sufuria kwenye rafu. Aliniambia, "Arap Mosonik hawezi kusema uongo kwa baba yako." Wala mimi sikudhani anasema uongo. Hata leo sidhani alikuwa anasema uongo jioni ile.

Lakini neno moja lilinikaa kichwani, kwamba watu hao wametoka mbali na hawajui mtu. Nilijiuliza watajuaje kwamba mzee huyu alivishwa na wazee wa hapa, mbele ya chifu, mbele ya wote? Nikajiona mjanja. Asubuhi iliyofuata nilishuka kijitoni na panga, nikatafuta sinendet penye kivuli, nikakata mzigo mzima, nikausuka vizuri kama nilivyoona wakisuka, nikaufunga kwenye lango letu, juu na pande zote mbili. Nilitaka hata mgeni kabisa akifika ajue hapa anakaa mtu wa heshima.

Mama alitoka akaangalia. "Ya nini hii?"

"Wajue Baba ni nani."

Baba alikuja akasimama mbele ya lango kwa muda. Nilidhani atanikemea. Badala yake alinyoosha mkono akairekebisha upande wa kushoto ilikokuwa imelegea. Nilimwona anaiweka sawa kola yake.

Siku mbili hakikutokea chochote. Sinendet haikunyauka, mvua iliiweka hai. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tulichuma chai yetu wenyewe, sisi watatu, na tulipofika kituoni na vikapu tukakuta karani hayupo na lori halikuja. Tulimwaga majani kando ya barabara. Ilimuuma Baba kuliko moshi.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, tulisikia ukemi, mlio wa kuitana vitani, kutoka kilima cha juu. Ulipokewa kwenye kilima cha pili. Mama alikuwa anakamua ng'ombe wa mwisho. Alisimama, ndoo mkononi.

Baba aliingia ndani akatoka amevaa koti lake. Akaenda hadi langoni, akatazama njia ya kijitoni, upande wa kwa Arap Mosonik. Hapakuwa na mtu.

"Tangulieni," alisema. "Shukeni na mstari wa chai hadi chini, mtokee barabara ya Sondu."

"Na wewe?" Mama aliuliza.

"Arap Mosonik anakuja. Wakituona tumekaa wengi watakasirika. Wawili wazee, tutaongea nao."

"Twende wote."

"Min Awino," alimwita, yaani mama yake Awino, "nimesema anakuja."

Nilimshika mkono. Niliuvuta kweli, kama mtoto. Aliutoa polepole kidole kwa kidole. "Nyara, nenda na mama yako," alisema. Nyara kwa lugha yetu maana yake ni "binti yangu". Mama aliweka ndoo chini kwa uangalifu, maziwa yasimwagike, akanishika, tukaenda.

Miti ya chai ilitufika kifuani. Tuliinama tukashuka katikati ya mistari. Matone ya mvua ya jana yalitulowesha hadi tumboni.

Katikati ya mteremko nilisimama nikageuka. Kutoka hapo kilima kizima kilionekana, maboma yote, malango yote. Nilihesabu bila kutaka. Malango ya jirani zetu yalikuwa ya mbao tupu, kama siku zote. Wenyewe hawakuhitaji kusema kitu. Lango moja tu lilikuwa la kijani.

Niliutoa mkono wangu kwa Mama.

"Mama, narudi."

"Hurudi."

"Mama, ile sinendet..."

"Arap Mosonik anakuja," alisema, akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Tuliwaona wakiteremka kwa juu. Walivaa kaptura, nyuso zimepakwa udongo mweupe, pinde mikononi. Hawakukimbia. Walipita boma la kwanza. Walipita la pili. Walisimama kidogo barabarani, mmoja akanyoosha mkono.

Nikasikia sauti ya Baba. Sauti yake ya mikutano, ile ya kuongea na watu wengi. "Chamge!" alisema. "Chamge, vijana!" Aliwasalimu kwa Kikipsigis, kama anavyosalimu mtu wageni waliofika kwake mchana.

Sikusikia kama kuna aliyemwitikia.

Mama alianza kukimbia nami nikakimbia. Tulipofika chini barabarani tuligeuka tukaona moshi. Mama alisema, "Huo ni wa jikoni."

Tulikaa wiki tatu katika kiwanja cha kanisa upande wa Sondu, mamia ya watu kwenye nyasi, kila mmoja akiuliza jina la mtu wake. Mama aliwaambia wote kwamba mume wake yuko kwa rafiki yake Mkipsigis, amejificha, atashuka mambo yakitulia. Aliwafariji hata wengine. Siku ya nne lori la serikali lilileta miili. Baba alikuwa na mishale miwili, mmoja kifuani, mmoja ubavuni. Koti lilikuwa mwilini, limeungua upande mmoja. Mama alilifunga vifungo vyote kabla ya kulia.

Kwa desturi yetu mwanamume huzikwa ndani ya boma lake, mbele ya nyumba yake. Nyumba ya Baba ilikuwa majivu huko Kiptere. Nyakach hakuwahi kujenga hata banda la kuku, maana miaka yote alisema yeye ni mtu wa Kiptere, na ndugu zake walimcheka kwa hilo. Sasa ndugu hao hao ilibidi wasimamishe kibanda cha miti na mabati ya kuazima, ndani ya siku moja, ili awe na nyumba ya kuzikiwa mbele yake. Walikipaka hata matope. Siku nne baada ya mazishi mwenye mabati alikuja kuyachukua.

Arap Mosonik hakuja kwenye mazishi, na hakuna aliyetegemea angekuja, barabara zilikuwa hazipitiki. Lakini hakutuma hata salamu mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Nilimchukia. Mama alimtetea. Alisema lazima siku ile alikuwa amesafiri, labda alikuwa Kericho, labda walimfungia ndani, labda alikuwa mgonjwa. Kila mwaka alikuwa na sababu mpya, na kila sababu aliisema kwa upole kama anayemshonea mtu nguo. Mimi nilitaka kumkatiza na kumwambia kwamba rafiki wa mumewe ni mwoga na msaliti. Sikujua hilo kwa hakika. Nililitaka tu liwe kweli, kwa sababu kama si yeye, basi ni mimi na lango langu.

Shamba lina mtu mwingine sasa. Tulisikia amekata chai yote chini akapanda upya, na kwamba inazaa vizuri.

Karibu miaka ishirini ilipita. Katiba ikabadilika, sikukuu ikapewa jina jipya, na kamati moja ikatumwa kukusanya majina ya mashujaa wa zamani ambao hawakuwahi kuandikwa popote. Jina la Baba likatajwa na mtu. Ofisa akanipigia simu. Alihitaji shahidi aliyefungwa naye, na aliyekuwa hai alikuwa mmoja tu. Nilitaka kukataa. Mama, ambaye macho yalikuwa yamemfifia na hatembei tena mbali, aliniambia, "Nenda. Lisomwe jina lake. Na umuulize Arap Mosonik alikuwa wapi, ili niache kufikiria."

Nilipanda hadi Kiptere, tukakutana katika ofisi ya chifu. Ofisa alikuwa msichana mpole mwenye fomu na kalamu tatu. Arap Mosonik alikuja akiongozwa kwa mkono, mrefu bado, lakini amekauka. Alinisalimu, "Chebo Barnaba," yaani binti Barnaba, na hakuniangalia.

Msichana aliuliza habari za Imajensi na mzee alizijibu zote bila kukwama. Alitaja jina la nyapara, siku walipoweka vikapu chini, seli, mawe, chawa wa blanketi. Aliongea juu ya Baba kama aliyemwona jana. Kwa muda kidogo niliwaona wote wawili vijana, na nilikasirika kwamba alikuwa akinifanya nimpende.

"Na Mzee Barnaba alifariki lini?" msichana aliuliza. "Aliaga kwa njia gani?"

Arap Mosonik alitazama sakafu. "Aliugua," alisema. "Aliugua kidogo tu."

Kalamu iliandika.

"Hakuugua," nilisema.

Msichana aliacha kuandika. Alituangalia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtoto mdogo tu wakati ule. "Mama, sasa niandike nini? Hii fomu ni ya mambo ya mkoloni. Nikiweka hayo mengine, wataniregeshea."

Niliomba dakika chache. Nilimshika mzee mkono nikamtoa nje, tukakaa kwenye benchi nyuma ya ofisi. Nikamuuliza kwa lugha yake, ili asipate pa kujificha. Ulikuwa wapi?

Alitazama mashamba ya chai. Kisha alijibu kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Pengine kwa lugha yake ingemwia vigumu zaidi.

"Nilitoka nyumbani," alisema. "Nilisikia ukemi, nikachukua fimbo yangu, nikavuka kijito. Nilifika kwa chai ya baba yako. Hapo upande ya kijito, ile mistari ya mwisho. Yule kijana wetu wa kupitisha wao alikuwa mbele yao, akaniona. Akasema, mzee, rudi. Ukienda hapo, ni moto kwako pia, na kwa mabibi ya watoto wako."

"Ukarudi."

"Sikurudi. Nilikaa chini. Kwa majani." Alionyesha na kiganja urefu wa mti wa chai. "Baba yako aliniita. Mara mbili. Alisema jina yangu yote. Nilikuwa karibu, Chebo Barnaba. Ningeitika, angesikia."

 Miaka ishirini nilitaka kusikia hivyo hivyo, na sasa nilitamani arudishe maneno yake kinywani.

"Ile sinendet kwa geti," alisema. "Ni Barnaba aliweka?"

"Ni mimi."

Alitikisa kichwa. Hakutikisa kwa hasira. "Wale watu hawakujua boma. Kijana wetu aliogopa kuonyesha na kidole, alitaka wapite tu. Walikuwa wanapita. Halafu wakaona ile. Sisi hatuweki sinendet kwa geti bila sherehe. Wakamuuliza, hapo kuna sherehe gani? Akasema hakuna. Wakasema, basi hapo ndipo."

Tulikaa. Chai ilikuwa imejaa mbele yetu hadi chini bondeni, na wanawake walikuwa wakichuma, wengine wakiongea Kijaluo. Alinyoosha mkono wake mkavu akauweka juu ya wangu. Niliuacha hapo. Si kwamba nilimsamehe. Nilichoka tu.

Tuliporudi ndani nilimwambia msichana aache kama alivyoandika. Nikatia sahihi.

Mama alikuwa ameketi nje nilipofika Nyakach, anachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Alisikia hatua zangu akaacha kuchambua.

"Mlionana?"

"Tulionana."

"Alikuwa wapi siku ile?"

Nilivua viatu kwanza. Niliketi karibu naye, nikachota omena mkono mmoja nikaanza kumsaidia.

"Hakuwa nyumbani, Mama. Alikuwa ameenda Kericho kuona mgonjwa. Alirudi jioni akakuta yameisha."

Mabega yake yalishuka, polepole, kama mtu aliyetuliwa kikapu.

"Si nilikuambia?" alisema. "Miaka yote nakuambia. Angekuwepo angekuja. Ningejua hatakuja, ningemwacha baba yako pale langoni peke yake?"

"La, Mama," nilimwambia. "Usingemwacha."